Aliyefagia Foleni

Juzi, kwenye zahanati moja karibu na Mnazi Mmoja, wagonjwa walipanga foleni kama tunavyopanga ya sukari: kila mmoja kaweka jiwe, kandambili au kopo lake mlangoni limshikie nafasi, mwenyewe kakaa kivulini.

Akatokea mwanachuo wa udaktari, kaletwa kujifunza maisha ya wananchi. Koti jeupe, mikono kiunoni.

"Ndugu wananchi, maradhi ni adui wa taifa!" Akashika ufagio, akaisomba foleni nzima hadi mtaroni.

Bibi mmoja, mjukuu wake mgongoni anachemka homa, akainuka.

"Mwanangu, umenifagia."

"Nimefagia takataka, mama."

"Lile kopo la mbele ndilo mimi. Nimeliweka tangu alfajiri."

Kijana akakuna kichwa. "Haya, nani alikuwa wa kwanza?"

"Mimi!" wakaitika wote, hata jamaa aliyekuwa anapita tu kwenda sokoni Kariakoo. Bibi akasukumwa mpaka nyuma kabisa.

Chuoni wanakariri mifupa yote ya mwili. Waongezewe na somo la kopo. Tukiwaacha hivi, watafagia zahanati mpaka asionekane mgonjwa hata mmoja, halafu watutangazie kwamba maradhi yamekwisha.