Kisanduku Katikati ya Jina

Karani wa kijiji chetu cha Uqsuqtuuq, kaskazini kwenye barafu, alichapa kila tangazo kwa kompyuta na kulimalizia kwa kalamu. Kompyuta haikuijua herufi moja ya lugha yetu. Mahali pake ilitoa kisanduku kitupu. Basi aliegemeza kiwiko mezani, akaichora herufi ile ndani ya kisanduku, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, kisha akaupuliza wino. Nilikuwa nikifoka: nani ametuamulia tuishi na mashimo katika majina yetu? Naye alicheka tu. "Punguza moshi, kijana, utanichafulia karatasi." Lakini mama yake alipofariki, kibao cha kaburi kilichapwa mjini kusini, wasikojua kuchora, na jina likaja na kisanduku katikati. Siku ile hakucheka.

Miaka ikapita, herufi ikaingizwa kwenye kompyuta. Wiki hiyohiyo mpwa wake alijifungua, na mtoto akapewa jina la yule marehemu. Kwetu, aliyepewa jina ndiye mwenyewe aliyerudi. Karani alichapa tangazo la kuzaliwa. Karatasi ilipotoka, aliinama na kalamu yake kama zamani, akatafuta pa kuchora, asipaone. Mkono ulibaki hewani. Nami, niliyekuja na hotuba nzima ya ushindi, niliichukua ile kalamu nikaifunika. Karani alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa mpwa wake, akamwinua na kumwonyesha karatasi. Mtoto akakunja uso, akapiga kelele.

"Usinikunjie uso, Mama," alimwambia. "Safari hii jina lako limekamilika."