Jumamosi za Mama Adolphine

"Tumbo la kuushinda mkono wangu halijazaliwa, na mama yake hajachukua hata mimba!"

Mama Adolphine aliyasema hayo amesimama juu ya kasha la samaki wakavu, katikati ya soko la Katuba, wiki ileile Katanga ilipojitangaza kuwa nchi. Siku hizo kila mwenye mdomo Lubumbashi alikuwa akitangaza kitu. Wakubwa walitangaza bendera. Yeye alitangaza matumbo. Watu walipiga makofi, na mama mmoja akamsukumia mtoto wake palepale. Mtoto alilia, mama akashukuru. Ndivyo ilivyokuwa kazi ile: mgonjwa hakuulizwa.

Alikuwa mtu wa Pweto, kando ya ziwa. Alifika mjini na mume aliyekuwa akichochea moto kwenye tanuru la shaba, na mume alipokufa alimwachia pensheni ya kulisha kuku mmoja, tena kuku mwenye adabu. Siku za kazi Adolphine aliuza samaki wa kwao. Jumamosi ilikuwa ya lavema, dawa ya maji ya kuingizwa kwa nyuma. Wanawake wa mtaa walileta watoto nyuma ya jiko lake, kwa maana tumbo, kama nguo, sharti lioshwe kabla ya misa. Maji ya vuguvugu, chumvi, tangawizi, na kwa tumbo kaidi pilipili kidogo. Vyote viliingia kwenye puare, ule mpira mwekundu wenye mdomo mrefu, na kutoka kwenye puare viliingia pale ambapo mtoto hakupenda viingie. Mvuke ulipoonekana juu ya paa, mtaa mzima ulibaki bila mtoto mwenye miaka chini ya kumi. Walikuwa juu ya miti.

Tusimnyime haki yake. Watoto wengi waliokuja wamevimba waliondoka wakiruka. Hakuna aliyekuwa na hesabu ya wale ambao wangeruka hata bila yeye.

Halafu ikaja ndui. Ilikuwa mwanzo wa mwaka sitini na mbili, risasi za vita vya Desemba zimetoka kunyamaza. Wauguzi walipita nyumba kwa nyumba wakikwaruza mikono kwa chanjo, na ikatoka amri: mwenye homa isiyojulikana apandishwe lori, apelekwe kwenye hangari nje ya mji, angojewe kama atatoa vipele. Godoro lake lichomwe. Mtoto wa jirani, Kalaba, alipandishwa lori na malaria yake ya kawaida. Akaikuta ndui hukohuko, ikamwua. Tangu hapo mtaa ulijifunza kuficha homa kama wengine walivyokuwa wakificha bunduki.

Ijumaa moja Claudine alirudi shuleni ameinama. Alikuwa na miaka tisa, mtoto pekee wa Clément, mwana wa Adolphine. Clément alikuwa kazini Kolwezi, na tangu vita barabara ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo. Nyumbani walibaki wanawake wawili na mtoto.

"Kambo, tumbo inauma," Claudine alimwambia bibi yake. "Hapa." Akaonyesha kitovu. Akatapika.

"Umekula nini?"

"Hapana kitu."

"Njo hiyo," alisema Adolphine. "Tumbo bila kitu inajaa upepo."

Asubuhi ya Jumamosi maumivu yalikuwa yameshuka upande wa kulia, chini. Mtoto alilala amekunja mguu, na aliponyooshwa alipiga kelele. Mwili wake ulikuwa wa moto. Mama yake, Clotilde, alikuwa tayari amefunga kitambaa kichwani.

"Mama, tumupeleke ku hospitali."

"Na ile moto yote? Batamupandisha lori ku mulango! Unataka akalale fasi moja na bantu ya ndui?"

"Mutoto anaumwa tumbo, Mama."

"Na Kalaba alikuwa anaumwa nini? Weye, Mama Claudine, hii tumbo iko ya kwetu. Nipe maji."

Clotilde alisimama mlangoni na kitambaa chake. Alikuwa mke aliyeolewa, ndani ya nyumba ya mama wa mume, na mume yuko mbali. Alikwenda kuleta maji.

Adolphine alipiga lavema ya kwanza. Kilichotoka kilikuwa maji matupu. Akapiga ya pili, ya tangawizi. Jioni, kabla jua halijazama, akapiga ya tatu, ile ya pilipili, na Claudine akauma mkono wa bibi yake mpaka alama za meno zikabaki.

"Uma," alisema Adolphine. "Mwenye anauma iko na nguvu."

Jumapili asubuhi Claudine aliamka kimya. Alisema maumivu yamekwisha. Ghafla tu, alisema, kama kitu kilichopasuka, halafu hakuna tena. Akaomba chai.

Adolphine alitoka uani amenyoosha kifua. Jirani yake Amida, mke wa Feruzi fundi cherehani, alikuwa akianika nguo.

"Amida! Mutoto ameomba chai!"

"Alhamdulillahi, mama."

"Bangemupeleka kule, sasa hivi tungekuwa tunachoma godoro. Hii mukono, Amida, hii mukono bangeitia ku makumbusho!"

"Batie na mudomo," alisema Amida, na wote wawili wakacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yote ya wiki ile. Ilidumu mpaka adhuhuri.

Baada ya hapo tumbo la Claudine lilianza kuwa gumu. Halikuvimba kama tumbo la upepo. Lilikaza kama ubao wa kukatia nyama. Macho yaliingia ndani na midomo ikakauka. Jumatatu kulipopambazuka, Adolphine aliweka mkono wake pale, ule wa makumbusho, na kwa mara ya kwanza mkono haukumwambia kitu. Clotilde hakuomba ruhusa tena. Alimfunga mtoto mgongoni akaanza kutembea. Feruzi akawafuata na baiskeli, akawaketisha nyuma, akaisukuma mwenyewe mpaka hospitali, akisimamishwa kwenye vizuizi viwili na askari waliotaka kujua ndani ya kitenge kuna nini. "Kuna mutoto," alijibu Feruzi mara zote mbili.

Adolphine alifika nyuma yao kwa miguu, akihema. Kwenye lango alisimama muuguzi mmoja, Symphorien, aliyekuwa akichambua wagonjwa. Adolphine alijitia katikati yake na mtoto.

"Haiko ndui, Tata! Ninakuapia, haiko ndui! Usimupeleke kule!"

"Nani amesema ndui?" Symphorien aliinua mkono wa kushoto wa Claudine, akalitazama kovu la chanjo, duara safi kama kifungo. "Huyu alichanjwa, na ilishika. Wenye kovu hatuwapeleki hangari. Wanapita hapa, wanakwenda kwa daktari moja kwa moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mama." Aliligusa tumbo kwa vidole viwili tu, akauondoa mkono haraka. "Hii imeanza siku gani?"

"Ijumaa," alisema Clotilde.

"Mumemupa nini?"

Clotilde alimtazama mama mkwe wake. Adolphine alisema, kwa sauti ndogo ambayo soko halikupata kuisikia, "Lavema. Tatu."

Symphorien hakumkemea, afadhali angemkemea. Alieleza jinsi mtu anavyoeleza njia ya kwenda posta: kuna kijiutumbo upande wa kulia, kinaitwa apendisi, kikioza kinakatwa. Jumamosi kingetoka kizima. Kikisukumwa kinapasuka, na usaha unamwagika ndani. Mtoto anapata nafuu kidogo, halafu ndiyo basi.

Walimpasua mchana ule. Alikufa Jumatano, saa nne asubuhi.

Matangani wanawake walijua tayari nani mwuaji. "Amekwenda anapumua, amerudi ndani ya shuka," walisema. "Hospitali imemaliza mutoto."

"Si hospitali," alisema Adolphine. "Ni miye. Ni lavema yangu."

Wakamshika mabega. "Pole, mama. Uchungu njo inasema." Akarudia, wakamletea maji anywe. Mtu mmoja tu alimwamini, na huyo alikuwa Clotilde, aliyekaa upande mwingine wa chumba akifunga nguo zake kwenye shuka ili arudi kwa baba yake.

Jumamosi iliyofuata mvuke haukupanda, lakini wanawake watano walikuja vilevile na watoto wao, wamewashika viwiko. Wa mbele alikuwa na kijana aliyejikunja.

"Mumupeleke hospitali," alisema Adolphine kutoka ndani. "Muonyeshe kovu ku mulango."

"Hospitali? Na feza, mama? Kule wanalipisha ngapi?"

"Karatasi ya kuingilia ni faranga tano, bei ya samaki moja," alisema Adolphine. "Kupasua ni bure."