Aliyefungulia Bwawa Kabla ya Masika

Kabla jeneza halijainuliwa, mdogo wa marehemu alisimama uani akauliza swali tunalolisikia katika kila msiba: kama yupo anayemdai ndugu yetu, ajitokeze sasa, familia italibeba deni. Kwa kawaida watu huinamisha vichwa, wawili watatu husema wamesamehe, na safari ya makaburini huanza. Safari hii mzee mmoja Msambaa alinyoosha mkono kutoka nyuma akasema, "Mimi namdai maji." Watu waliangua kicheko. Marehemu alikuwa Mzigua; Wazigua na Wasambaa ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Nimewahi kumwona mmoja akizuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Kwa hiyo mdogo wa marehemu, machozi yakiwa bado mashavuni, alijibu kwa utani: "Chukua yote, mtani! Hatulifungulii tena hilo bwawa. Kunywa mpaka upasuke!" Yule mzee hakucheka. Aliwageukia waliokaa kwenye mikeka akasema, "Mmesikia wenyewe. Basi nimemsamehe. Mkamzike." Kicheko kikakatika, na tulipoanza kutembea kuelekea makaburini nilimwona mdogo wa marehemu akitazama nyuma kama mtu aliyedondosha kitu njiani.

Marehemu hakuwa rafiki yangu wa kutembeleana. Alikuwa mkulima wa mahindi na ufuta katika kijiji kimoja cha Handeni, upande unaopakana na Korogwe, na kijiji kilikuwa kimemkabidhi kazi ya kutunza bwawa lao dogo la udongo. Nilikutana naye mjini Korogwe, katika duka la vipuri ambalo mwenyewe ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa na anayejua utani wetu kuliko wengi wetu. "Mzee," mwenye duka alimwambia huku akimpimia grisi, "kila mwaka unanunua grisi, mbona gari lako hatulioni?" Akajibu, "Sina gari, tajiri. Nina bwawa." Mwenye duka akaacha kupima. "Bwawa nalo linapakwa grisi?" Marehemu akamwambia, "Koki yake ikikwama, wateja wako wa Mnyuzi, kule chini, watakuja hapa kwa kuogelea." Tulicheka wote watatu. Mimi, kwa tabia yangu ya mwandishi ya kutoacha jambo lipite, nikamwomba anionyeshe hilo bwawa linalokula grisi.

Aliyelizoea bonde lile anaijua historia yake. Korongo linalokauka karibu mwaka mzima lilikuwa likishuka ghafla wakati wa masika na kuzoa mashamba, mbuzi na vyumba vya nyuma vya nyumba za udongo. Likajengwa tuta la kulikinga, na chini ya tuta likapitishwa bomba lenye koki kubwa ya kuzungusha kwa mikono. Mafundi walipoondoka waliwaachia wanakijiji agizo moja: bwawa hili si la kuhifadhi maji, ni la kuyapokea yakija kwa kishindo, kwa hiyo kabla ya masika lipunguzwe mpaka libaki tope. Agizo hilo ni jepesi kulisema mbele ya watu wenye bomba nyumbani. Handeni, mahali ambapo mama anaamka kabla ya kuku kutafuta ndoo moja, kumwaga maji safi yaliyotulia ni kama kumwaga unga wakati wa njaa. Lakini marehemu aliyamwaga kila mwaka, jua likiwa bado kali na mvua ikiwa bado habari ya redioni.

Nilikuwapo asubuhi moja ya kufungulia. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye tuta na ndoo zao, wakichota cha kuokoa. "Shemeji," mmoja alimpigia kelele, "shetani akitafuta kibarua nitampa namba yako!" Mwingine akadakia, "Mkeo leo anaoga nini, vumbi?" Naye, jasho likimtoka juu ya koki, akajibu bila kuinua kichwa, "Ameshaoga. Alichota yake alfajiri mkiwa mnakoroma." Vicheko vilisambaa hadi ng'ambo. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, ndiye hakucheka. Alimsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, na hiyo mvua umeongea nayo?" Marehemu aliacha kuzungusha. "Sijaongea nayo, mwanangu," alisema, kisha akaendelea. Maji yalitoka upande wa pili kwa mngurumo, yakashuka korongoni.

Masika ya mwaka ule mvua ilipiga milimani usiku na mchana. Bwawa lilivimba, likasimama chini kidogo ya ukingo, likatulia. Watu wa bondeni waliamka wakaenda kupalilia. Hakuna aliyekuja kushukuru, kwa sababu hakuna kilichotokea. Mwaka mwingine baadaye, alifungulia vile vile, na mvua ikakataa. Manyunyu machache, basi. Wanawake wakarudia safari za mbali, na ng'ombe wa yule mzee Msambaa, anayeishi juu karibu na bwawa na ambaye mafuriko hayamfikii kamwe, wakaanza kulala wasiinuke. Marehemu alimpelekea mabua ya mahindi kwa baiskeli mpaka mabua yake yakaisha. Ng'ombe walikufa. Nilipomuuliza kama alikosea, hakuzunguka. "Mwaka ule nilikosea," alisema. "Lakini nikianza kubahatisha, nitakosea mwaka mwingine, na kosa la mwaka huo halitakuwa na kesho."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu tumzike. Kazi ya kuzuia balaa ina ubaya wake: ikifanikiwa haionekani, ikikosea ina jina la mtu. Lakini naona lipo jambo lingine tulilolipita wote, nami nikiwa mmojawapo niliyeandika kuhusu bwawa lile na kusifu tuta lake. Watu wa chini walilala salama kwa maji ya watu wa juu. Ng'ombe walipokuwa wakifa, hakuna aliyepanda kutoka bondeni na mzigo wa majani wala debe la pumba. Tuliliacha jambo la kijiji kizima liwe la watu wawili, aliyemwaga na aliyepoteza, na mmoja wao alipokufa, deni likamfuata hadi kwenye jeneza.

Sasa masika yanakaribia na koki haijaguswa. Mpini wake uko kwa mdogo wa marehemu, ambaye amekonda. "Mimi nilidhani ni utani," aliniambia. "Lakini nimetamka mbele ya maiti ya kaka. Nikifungulia, si nitakuwa nimemrudishia deni lake huko aliko?" Mwenyekiti wa kijiji anasema hilo ni la familia, familia inasema bwawa ni la kijiji. Shehe wa kijiji alisema ahadi yenye kudhuru watu haifungi, ila ni bora zaidi mwenye haki asamehe kwa kinywa chake. Kwa hiyo nikapanda kwa mwenye haki, yule mzee Msambaa.

"Shikamoo, mzee." "Marahaba. Umetumwa?" Nikamwambia sijatumwa. "Basi kaa." Alinipa kigoda, yeye akabaki amesimama akitazama maji, ambayo kutoka kwake yanaonekana yote, yamejaa na kutulia, ng'ombe wachache wakinywa ukingoni. "Yule Mzigua alikuwa mtani wangu wa kweli," alisema. "Lakini ng'ombe wangu hawakufa kwa utani." Nikamuuliza, na watu wa bondeni je? "Bondeni kuna watu wengi. Mwaka ule, wangapi walikuja kunipa pole? Alikuja yeye peke yake." Alinyoosha kidole kwa ng'ombe waliobaki. "Nikisema fungulieni, mvua ikakataa tena, safari hii nimdai nani? Wewe?"

Niliposhuka nilipita kwa mjane. Nyumba yake ndiyo ya mwisho bondeni, karibu zaidi na korongo kuliko zote. Marehemu aliijenga pale akisema mlinzi wa bwawa asipolala chini yake nani atamwamini. Mama huyo yuko eda, hatoki. Tuliongea yeye akiwa ndani, wifi yake akiwa mlangoni. "Ruhusa ya kuhama ninayo, shehe kasema, hatari ikija," alisema. "Lakini mafuriko hayabishi hodi, baba." Wifi yake akamwambia aende kwake Kilole mapema, huko mjini, asisubiri. "Nikiondoka kabla ya hatari nimevunja eda. Nikisubiri hatari, nitaondokaje?" Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza mara nyingi, kama nimeona maji yamefika wapi kwenye tuta.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wanaodaiwa hapa ni watu wa bondeni, na deni hilo hawawezi kumwachia marehemu wala mdogo wake. Jamii inayomtuma mtu mmoja kufanya jambo chungu kwa niaba ya wote haina budi kukubaliana mapema nani atalipa uchungu huo pale utakapomwangukia asiyehusika. Vinginevyo siku mtu huyo akiondoka, hekima yake inazikwa naye na chuki inabaki juu ya ardhi. Vijana wachache wa bondeni wameanza kulielewa. Wamekata majani na wanazungumza juu ya kumchimbia mzee yule lambo la kunyweshea mifugo upande wake. Walimpelekea habari hizo juzi. Aliwasikiliza, akawaambia atawajibu Ijumaa baada ya swala.

Leo ni Jumatano. Jana alasiri mvua ya kwanza ilinyesha kwenye vilima vya Handeni, na asubuhi hii mdogo wa marehemu amenipigia simu kuniambia maji yamepanda, koki bado imefungwa, na shemeji yake, mjane, bado yumo ndani ya nyumba ile ya bondeni.