Fremu ya Baba Chini ya Msumeno wa Kaka

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi baiskeli, na mtaani walimwita Bwana Msumeno. Jina hilo hakulipenda, ila aliliitikia. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa mashine ya kusaga, kwa hiyo siku zote alikuwa na unga kwenye nyusi, akaonekana mzee kabla ya wakati.

Jina lilitokana na mtindo wake wa kazi. Mtu akimletea fremu kuukuu aikague, aliipangusa kwanza, akaipitishia kidole polepole kwenye maungio, hasa chini ya shingo, pale mabomba yanapokutana na kubeba kishindo cha kila shimo la barabarani. Akitilia shaka, alikwangua rangi, akapaka mafuta ya taa, akayafuta, kisha akapaka chaki juu yake. Chuma kizima huiacha chaki nyeupe. Chenye ufa hujitaja chenyewe, maana mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari mwembamba. Akiuona mstari, kaka alichukua msumeno wa chuma na kuikata fremu palepale, mwenye baiskeli akitazama.

Zamani aliwahi kumrudishia mtu fremu yenye ufa bila kuikata. Yule bwana akaipaka rangi, akaiuza, na kijana aliyeinunua akafa mteremkoni. Kaka alikwenda mazikoni. Tangu hapo likawa sharti lake: asiyekubali kukatiwa fremu ikiwa na ufa, hakukaguliwa.

"Bwana Msumeno, leo umechinja ngapi?" msaga unga alizoea kumchokoza.

"Moja tu, na haikutoa hata supu."

"Iko siku utakata hata kitanda chako!"

"Kikiwa na ufa, nitalala chini. Wewe saga unga, uniache."

Alipougua mapafu, kibanda kikafungwa, akarudi kwa mama, nyumba ile ile ninayokaa na mimi. Mkewe alikwisha kutangulia, na binti yao pekee alilelewa na mama. Binti huyo akapata kazi ya kufunga vidonda katika zahanati iliyo chini ya mteremko mrefu. Tulimshukuru Mungu, maana tulikuwa tumeomba sana.

Mama akaingia chumbani, akatoka anaikokota baiskeli ya marehemu baba, iliyokuwa ikitundikwa ukutani. Hakuwahi kumruhusu mtu kuigusa. Kila mwaka aliipaka rangi nyeusi kwa mkono wake, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

"Itazame tu kidogo, uitie upepo," alimwambia kaka. "Mjukuu wangu aende kazini na baiskeli ya babu yake."

Kaka alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, blanketi mabegani. "Mama, sharti langu unalijua."

"Hilo sharti la kibandani. Hapa uko kwa mama yako."

Kaka akakwangua. Rangi ilitoka tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu. Nikamletea mafuta ya taa na chaki. Tulikaa tukitazama, naye binti amesimama mlangoni na sare yake mpya mkononi. Chini ya shingo, mstari ukatokea, mwembamba kama unywele, umezunguka zaidi ya nusu ya bomba.

"Apelekewe fundi wa kuchomelea," mama alisema haraka. "Itakuwa kama mpya. Wewe fundi gani usiyejua kuunga?"

"Nitaunga hapa, itakatika pembeni. Chuma kimechoka, mama."

"Basi nitaitundika tena ukutani. Hakuna atakayeipanda."

Kaka alikohoa mpaka nikamshika mgongo. Alipopata pumzi alisema, "Leo hakuna. Kesho mvua itanyesha, mtoto atachelewa, ataishusha. Mimi sitakuwepo kumzuia."

Lilikuwa neno ambalo sote tulikuwa tukilikwepa. Binti aligeukia ndani. Mama akaishika fremu kwa mikono miwili, akagusa ile sehemu iliyokwanguliwa.

"Rangi ikipasuka, si ndiyo humwonyesha mtu kwamba kuna ufa?" aliuliza. "Nami nilikuwa naziba. Ni rangi yangu iliyouficha?"

"Hapana, mama. Ni umri tu. Chuma nacho huzeeka."

Kaka yangu hakuwa mwongo. Kwa lile moja, naamini Mungu atamsamehe.

Mama akaketi chini, vumbini, akaibana fremu katikati ya magoti ili isicheze. "Nilipandishwa hii nikiwa bi harusi," alisema. Halafu akageuza uso pembeni. "Haya, baba. Kata."

Kaka alivuta msumeno mara chache, akasimama kuhema, akavuta tena. Jasho lilimtiririka. Hakuomba msaada, ila alinitazama. Nikaupokea, nikakata, naye ameweka kiganja juu ya mkono wangu kunionyesha mwendo. "Usiukandamize, mdogo wangu. Uache meno yafanye kazi." Bomba lilipoachana, kutu ilimwagika kutoka ndani yake kama kahawa iliyosagwa, ikajaa kwenye kanga ya mama. Mama hakuikung'uta.

Kaka hakufika mwezi. Nimeswali na kumwombea, na bado kuna asubuhi naamka nikitega sikio nisikie kikohozi chake, huku najua hakipo.

Binti hutoka mapema, kwa miguu. Mama humsindikiza mpaka kwenye kona na kumtazama akishuka ule mteremko, pembeni mwa barabara, viatu vya kazi mkononi ili visichafuke. Baiskeli za watu zinampita kwa kasi. Mama hasogei mpaka amwone amefika chini.