Sahani Zisizorudishwa

Mume wangu alikuwa mkosoaji wa chakula, na mimi nilimpenda kwa hilo. Waume wa wenzangu hapa mtaani Jabe wakishakula wanajifuta midomo na kwenda zao. Wangu alikuwa anameza tonge la kwanza, kisha anatoa hukumu. Kitunguu umekiharakisha. Mawese haya yamekaa juani. Sombe hii, majani ya muhogo haya, imetwangwa na mtu mwenye hasira. Na kweli nilikuwa na hasira, tulikuwa tumegombana asubuhi hiyo.

Hata kujuana kwetu kulianzia hapo. Mimi nilikuwa na meza yangu ya chakula pembeni ya soko, sufuria nne na benchi mbili, na yeye alikuwa mpishi wa hoteli moja kule ziwani. Siku yake ya mapumziko akaja, akala maharage yangu, akaniambia kwa upole kwamba yametolewa motoni kabla hayajakubali. Nikamwambia kama anataka yaliyokubali akale kwao. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Mama yangu alisema mwanamume anayelalamika na bado anarudi, huyo hana pengine pa kwenda. Tukaoana.

Miaka ikapita, tukapata watoto wawili, na hoteli ile ya ziwani ikaanza kukosa wageni. Ndipo mtu wa Mombasa akampatia kazi kwenye meli kubwa za watalii, zile zinazozunguka baharini na watu waliolipa ili wale, walale na watazame maji. Mama mkwe, ambaye maneno ya pwani aliyarithi kwa baba yake, alimuaga mwanawe kwa methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi sikuwa na methali. Nilimfungia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliokaushwa vizuri, akaenda.

Kila Jumapili alinitumia sauti kwenye simu, na asilimia kubwa ya sauti hizo ilikuwa chakula. Nilizisikiliza nikiwa namenya ndizi, nikicheka peke yangu kama mwehu. Aliniambia ukumbi wa kulia una mazulia, taa zinazoning'inia, vitambaa vyeupe hadi sakafuni, na sahani zinaletwa zimefunikwa kofia za chuma kana kwamba ndani kuna siri. Unafunua, siri yenyewe ni nyama iliyochomwa saa nyingi zilizopita, ikawekwa kwenye kabati la joto isubiri jina lake kuitwa. Samaki wa kule, alisema, amekufa mara mbili, mara ya kwanza majini na mara ya pili kwenye barafu, na mchuzi mweupe wanaommwagia ni sanda. Kila siku majina ya vyakula yanabadilika, lakini mchuzi ni ule ule wa jana uliovaa nguo nyingine. Mkate tu ndio aliousifu. Mkate, alisema, wanaujua.

Nilimuuliza kama wageni hawalalamiki. Akasema wananong'ona, wanaongeza pilipili manga, na usiku wanapiga picha ya keki. Tena wanakula kwa macho, alisema, maana sahani zimepambwa kama maharusi. Ila hakuna anayejua mkono uliompikia, na huo mkono haumjui anayekula. Alisema atavumilia kandarasi mbili au tatu, kisha arudi moja kwa moja, tufungue mahali petu. Si benchi za Jabe tena. Alitaka nyumba moja yenye baraza aliyoiona kule Kigobe, wanakopita watu wa ofisini, meza zenye vitambaa vyeupe kama vya melini lakini juu yake mukeke aliyevuliwa alfajiri. Mimi nipike, yeye aonje. Hakuna sahani itakayotoka jikoni bila kupita kwenye ulimi wake.

Huo ulimi ndio uliokuwa mtaji wetu. Nataka jambo hili lieleweke tangu sasa.

Alirudi mwaka uliopita, wiki chache kabla ya Ramadhani, na akasema amerudi kabisa. Alikuwa amekonda. Nilimpikia sombe yenye ndagala, ile aliyokuwa anailalamikia miaka yote kuwa bado kidogo tu ifike. Akala, akatabasamu, akasema ni tamu sana. Nikangoja. Hakuongeza neno. Kesho yake nikapika maharage, akasema ni matamu sana. Ndizi za nyama, tamu sana. Chai, tamu sana. Mwanzoni nilijidai kwa majirani. Niliwaambia meli imenifundishia mume adabu, mwacheni aende tena akamalizie darasa.

Lakini sifa ikiwa moja kwa kila kitu, si sifa. Siku moja niliunguza maharage kidogo, nikamletea hivyo hivyo kwa makusudi, nikakaa mbele yake. Akasema ni matamu. Moyo uliniuma nikaenda kujifanya nafua nguo. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Mwanamume aliyekuwa anakugombeza kwa kitunguu, halafu siku moja hajali kitunguu, amepata anayemjali kwingine. Niliwaza ana mwanamke melini. Niliwaza pia kwamba ananiona mimi sasa ni kama wale wageni wake, ambao amefunzwa kuwajibu vizuri kwa tabasamu na kuwafunikia sahani kwa kofia ya chuma. Kuhusu Kigobe hakutaka kuzungumza. Nikimwambia twende tukaone ile nyumba, anasema kesho.

Ikaingia Ramadhani. Katika ua wetu mwanamke aliyefunga haonji anachopika. Najua masheikh wanasema unaweza kuonja kwa ncha ya ulimi ukatema, lakini mama mkwe amenifunza kwamba mpishi anayehitaji kuonja mchana bado ni mwanafunzi. Tunapima kwa kiganja na kwa pua. Mvuke wenyewe unakuambia kama chumvi imeingia. Ni jambo la kujivunia kati ya wanawake wa huku, na kila Ramadhani kuna mmoja anayeaibika.

Mwaka huo nilikuwa mimi. Siku ile shemeji yangu, fundi wa magari, alikuja kufuturu na sisi, na mama mkwe akaingia jikoni kunisaidia. Nilitia chumvi kwenye mchuzi wa mukeke nikatoka kwenda kupokea maji. Yeye akauangalia, akaniona sipo, naye akatia. Kisha mtoto akalia, nikarudi nikiwa na mawazo yangu ya huyo mwanamke wa melini, nikatia tena. Wapishi wawili kwenye sufuria moja, na mmoja wao akili yake iko baharini.

Adhana ikalia. Tukala tende, tukanywa uji, wanaume wakaswali, tukaizunguka sinia. Tunakula pamoja, kila mtu anakula kilicho mbele yake, ndivyo tulivyolelewa. Shemeji alipeleka tonge mdomoni akasimama katikati ya kutafuna. Binti yangu akatoa macho, akavuta kikombe cha maji. Nami nikaonja. Haikuwa chumvi iliyozidi, ilikuwa chumvi yenyewe. Hakuna aliyesema, maana chakula cha futari hakikosolewi mbele ya aliyekipika akiwa amefunga. Watu wakaanza kuchota ugali mtupu wa pembeni, kila mmoja kwa siri yake.

Mume wangu peke yake alikuwa anakula. Alichovya tonge, akameza, akachovya tena, mchuzi unamchuruzika kidoleni, akaulamba. Kisha akaniangalia kwa lile tabasamu lake jipya.

"Tamu sana, mama watoto. Leo umeweza."

Shemeji akaangua kicheko. Alidhani ni kejeli. Mimi pia nilidhani ni kejeli, na damu ilinipanda nikataka kuinuka nimwambie mbele ya mama yake arudi kwa huyo anayempikia vizuri. Lakini nilimwona uso. Alikuwa anamtazama ndugu yake, hajui anachekwa nini. Akaniangalia mimi, akawaangalia watoto na vikombe vyao vya maji, akautazama mkono wake. Nikaona anaelewa, na nikaelewa pamoja naye.

 Mama mkwe alinyoosha mkono, akachovya tonge kwenye mchuzi ule ule, akala. Akachovya tena. Mwanamke wa umri wake, mwenye presha, alikula mchuzi ule wa chumvi sambamba na mwanawe bila kukunja uso, ili mwanawe asibaki peke yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na alisema ni moshi.

Watu walipoondoka nilimfuata uani. Nilimuuliza tangu lini.

"Mi sisikiake kitu," alisema. "Tangu ile homa yenye ilitushika kule mu bateau. Pua, ulimi, vyote vilienda. Benzangu yao ilirudi. Yangu ilikatala."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia nini, kwamba nilichokuwa nangojea kimebaki baharini? Hapo nililia, na nitasema wazi nililia kwa mengi kwa wakati mmoja. Nililia kwa sababu hakukuwa na mwanamke. Nililia kwa sababu ningependa awepo, maana mwanamke unaweza kupigana naye.

Kisha akanieleza jambo ambalo mpaka leo likinijia nacheka na kuumia. Baada ya homa alirudi jikoni kwenye meli, akanyamaza, akaendelea kupika. Alipika kwa ukumbi ule wenye mazulia hadi kandarasi ikaisha, bila kujua anachopika kina ladha gani. Hakuna aliyegundua. Kila kitu kule kina kipimo chake, chumvi kiasi fulani, maziwa kiasi fulani, moto kiasi fulani, na saa ikilia unatoa. Alikuwa kila siku anangoja sahani irudi, mgeni aseme huu mchuzi una nini. Hakuna sahani iliyorudi. Mkubwa wake alimsifu kwamba amekuwa mtulivu kuliko zamani.

Tulihangaika. Daktari alimtazama puani, akasema tungoje, huenda itarudi. Mama mkwe alileta tangawizi, asali, habbat soda na dua. Shemeji, kwa aibu ya kicheko chake, alileta pilipili kali kutoka kwa mama mmoja wa Carama anayezilima. Mume wangu alikula moja nzima, jasho likamtoka, akasema anasikia moto ila haisikii pilipili. Mimi niliacha meza yangu nikawa nampikia vyakula vya zamani kimoja kimoja, nikimweleza kama kipofu anavyoelezewa barabara. Hii ni sombe, mawese yake ni mapya. Kitunguu hiki nimekiharakisha, nigombeze. Alikuwa anajaribu. Alikuwa anasema, ndiyo, umekiharakisha. Lakini nilikuwa nimeshamwambia mimi mwenyewe.

Nilimwambia Kigobe bado ipo. Tutaonja mimi na mama, yeye asimamie vitambaa na wageni, ana mkono wa kupamba sahani hakuna wa kumshinda. Akasikiliza vizuri sana, kama wanavyofunzwa kule melini. Baada ya Idi akaniambia amesaini kandarasi nyingine.

Sikumwelewa. Nilimkumbusha samaki aliyekufa mara mbili, sanda, mchuzi uliovaa nguo ya jana. Nilimuuliza anawezaje kuacha sinia ya nyumbani kwake akarudie chakula alichokidharau miaka yote. Akawa anachezea kishikio cha sufuria.

"Kule chakula haina ladha kwa batu bote," alisema. "Mi niko sawa na bengine. Hapa njo niko peke yangu."

 Mimi ambaye huwa sikosi jibu hata kwa polisi wa soko, niliichukua ile sufuria nikaiosha ilhali ilikuwa safi. Alikuwa amesema kweli. Kila nilichompikia kwa mapenzi kilikuwa kinamwonyesha alichopoteza, na kadiri nilivyopika vizuri ndivyo nilivyomfukuza. Asubuhi ya safari nilitaka kumfungia ndagala kama zamani, nikawashika mkononi, nikawarudisha kwenye mfuko.

Sauti za Jumapili zimerudi. Hanielezi tena kuhusu mchuzi. Ananieleza hali ya hewa na bandari walizopita. Jumapili iliyopita nilimpigia, nikamuuliza mimi mwenyewe, wageni walikula nini. Akasema samaki, ule mchuzi mweupe. Nikamuuliza ulitoka vipi. Nikasikia ametabasamu, na nadhani hili lilikuwa tabasamu lake la kweli.

"Hakuna mwenye alirudisha sahani," alisema.

Nikamwambia hongera.

Ile nyumba ya Kigobe sasa ina duka la dawa. Mimi nimerudi kwenye benchi zangu, na jioni tunaizunguka sinia, mimi, mama mkwe na watoto. Naweka chakula cha watu watano kwa sababu mkono wangu haujui kipimo kingine, nao wanakula kilicho mbele yao kama nilivyowafunza. Kilicho mbele ya nafasi ya mume wangu hakuna anayekigusa. Tukimaliza, naibeba sinia kurudi jikoni, upande wake bado umejaa.