Majivu ya Mashineni

Nikisikia watu wanasifia mbolea ya dukani huwa nanyamaza tu. Mama yangu hakuwahi kununua hata kiganja, na migomba yake nyuma ya jiko, pale Mwaya, ilibidi iegemezwe miti isiangushwe na mikungu. Ilikula kilichotoka jikoni: maganda, maji ya kuoshea mchele, maji ya samaki, majivu ya mafigani. Chipukizi la kwanza alikuja nalo kutoka kwao Ndandalo alipoolewa. Baba alimtania kwamba alitoa ng'ombe wa mke, akaletewa mke na mgomba. Alimtania pia kwamba hajui kupika chai, kila siku lazima ifurike motoni. Mama alicheka tu.

Mama alipofariki, sisi watoto tulisema baba asihangaike na kuni uzeeni, tukamnunulia jiko la gesi. Tulijiona tuna akili kweli. Hakuna aliyefikiria kwamba mafiga yakipoa, na majivu yamekwisha. Na mzee anayejipikia chai na wali peke yake, maganda atayatoa wapi? Masika yaliyofuata migomba ilikuwa imekonda, majani ya njano, na mkungu ukitoka ni wa kutia huruma.

Jambo hilo lilimuuma baba kuliko alivyokubali kusema. Mimi nilikuwa najenga Kyela mjini, naye aliniahidi kwamba siku nikihamia ataniletea chipukizi la mama, mbegu ile isije ikaishia mikononi mwake. Kila tukiongea kwenye simu aliirudia ahadi hiyo, nami nilimwitikia.

Siku moja akanipigia kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Alikuwa amepata majivu ya bure, tena mengi, kule kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambako huchoma pumba kila siku na mtu anajichotea tu. Alikuwa anayajaza kwenye debe la bati na kuyabeba kwa baiskeli. Mimi nilikuwa sokoni, kelele tupu. Nikamwambia, "Hongera baba, ndaga, asante sana," nikakata simu. Simu ile naijutia mpaka leo.

Maana majivu ya pumba ni mnafiki. Juu yametulia, meupe, hata kuku anapita. Ndani moto unatembea polepole siku kadhaa, bila moshi wa maana. Mwanamke yeyote wa kwetu anajua. Baba alikuwa mtu wa shamba na kanisa, jikoni hakuwa na shughuli. Debe lilipomuunguza mgongo wa mkono alidhani ni jua. Akayamwaga majivu yote kuzunguka mashina, tena kwa wingi, ayafidie yale ya miezi yote, kisha akayafunika na majani makavu ya migomba yasipeperushwe na upepo.

Nilipofika Jumamosi majirani walishauzima moto. Palinuka ndizi ya kuchoma. Nilishika chipukizi moja, likachomoka lenyewe, limeiva mpaka chini. Nikashika jingine, nalo likaja. Sikupata hata moja la kuondoka nalo. Nililia pale pale, mtu mzima mimi, mikono imejaa masizi.

Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa mama akiwa hai. Sikuwa na moyo wa kumlaumu. Akaniuliza, "Hivi mama yako alikuwa anafanyaje?"

Nikamweleza. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alikuwa anachota majivu ya jana na vikaa vyake, anayatia kwenye chungu kilichopasuka, anayanyunyizia maji na kuyaacha mpaka kesho yake. Ndipo anayanyunyiza mbali kidogo na shina, kiasi cha kiganja tu. Nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyemshikia kata ya maji.

Baba aliyaangalia mafiga.

"Ile sauti," akasema. "Ile chwiii ya alfajiri. Nilikuwa naisikia kila siku nikiwa kitandani. Mimi nilijua ni chai imefurika."

Nasi miaka yote tulidhani anatania.