Cheti cha Kaka

Kozi fupi ya chuo kikuu, ya kuhifadhi samaki, niliisoma mwenyewe kwenye simu, hapa nyumbani Makoko. Nilijisajili kwa laini aliyoninunulia kaka na kuisajili kwa kitambulisho chake, kabla ziwa halijamchukua. Mfumo ukasoma laini, cheti kikatoka na jina lake.

Nilifoka ofisini kwao chuoni mpaka wakakubali kunitolea kingine, nirudishe tu kile. Kufungua kabati, hakipo. Mama alishakipeleka kwa fundi wa fremu. Sasa kinaning'inia sebuleni chini ya picha ya kaka, na wageni wakija anawaambiaga, "Huyu alimaliza chuo."

Jana aliniangalia, akauliza, "Na wewe mwanangu, utasoma lini?"